Mlango Ulionyimwa Nafasi ya Rangi

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Kivinje sote wazima. Bibi yako mgongo unamsumbua, ila ulimi haujambo.

Unauliza kwa nini tundu ulilochonga kwenye alumini kwa kipimo kamili linakataa pini alumini hiyo ikishapitishwa kwenye tindikali na umeme ili uso wake uwe mgumu. Ile ngozi ngumu inayoota juu yake ina unene, nayo hula nafasi. Mimi nilifundishwa na mlango.

Nilipokuwa naposa kwa kina bibi yako, nilimtengenezea baba yake mlango wa chumbani. Ulikaa kwenye fremu hata wembe haupiti, mtaa mzima ukanisifu. Kisha nikaupiga rangi mikono mitatu, kingo zote. Ijumaa mzee akaubamiza ili avae kanzu, ukagoma kufunguka. Yeye akavuta, mimi nikasukuma. Mwishowe alitokea dirishani, miguu ikitangulia, majirani wakitazama.

Akajikung'uta, akasema, "Fundi, umeacha nafasi ya sifa, nafasi ya rangi hukuacha."

Binti alinipa hata hivyo. Wewe panua tundu kidogo kabla ya kulipeleka kwenye tindikali.

Mpaka leo nikifunga mlango, bibi yako huuliza kwanza kama dirisha liko wazi.

Babu yako, Athumani