Bido Ndani ya Kikwembe Cheusi

Mama yangu wa Kasongo, jambo sana!

Hapa Salamabila jua iko kali, na sombe yao, ile mboga ya majani ya muhogo, haifikii yako. Leo, mbele ya wamama wa hapa, nilifungua bido mbili, madumu ya plastiki yenye maji ya mto. Ile iliyokaa juani imeota kijani ya kuteleza. Ile niliyoifunga na kikwembe chako cheusi, kile kitambaa cha kujifunga kiunoni, iko safi. Nikawaelezea: ile kijani ni vimea vidogo sana, na mwangaza ndio unaviamuru kutengeneza protini za kunasa jua. Mu giza, kazi inasimama.

Wakapiga vigelegele: "Weye uko mutoto wa nani?"

Nikakumbuka nikiwa mudogo, ulivyonituma kusugua bido na muchanga, mpaka nikauliza kwa nini kijani inarudi. Nikataja jina lako kwanza, Mama. La iniversite nilikosoma likafuata.

Ubaki na afya,
Zaina wako