Mchumba Wangu Anataka Papa Avae Glavu

Maman Irma mshauri, nisaidie kabla sijakosea, mimi ni Rukiya, mzaliwa wa Bujumbura, naishi mtaa wa Saint-Josse huku ughaibuni na kazi yangu ni kutunza wazee, ngozi ya viganja na nyayo zangu ni nene, ya manjano, wakati wa baridi inapasuka hadi damu, tumeirithi, papa, baba yangu, anayo na mama yake alikuwa nayo, mchumba wangu Abeid anajua tangu mwanzo na krimu ananinunulia yeye, donc, basi, sikuwa na wasiwasi, mpaka Jumapili nilipompa mkono shangazi yake sebuleni kwake, akaufuta wake kwenye kitenge na kuuliza mbele ya watu, "Huyu ana ukoma?", Abeid akajibu haraka, "Hapana, shangazi, aliungua mafuta jikoni," nami nikaipokea pole yake, sasa ukoo mzima unanipa pole ya kuungua, na harusini papa atakuja kutoka kwake mtaa wa Anderlecht kusalimia wageni kwa mikono kama yangu, nilipomuuliza Abeid tutasemaje akasema, "Bon, avae glavu," papa yangu, fundi seremala aliyenilea kwa mikono hiyo, nikikataa naogopa harusi itavunjika, nikikubali nitamtazama vipi?

Rukiya, Saint-Josse

Rukiya, pole kwa Jumapili ile. Lakini shangazi aliuliza kwa kutojua, Abeid akajibu kwa woga, na wewe ukakubali kuunguzwa na mafuta ambayo hayakuwahi kuchemka.

Huo si ukoma. Ngozi yako haimwambukizi mtu kwa mkono, kwa taulo wala kwa kulala kitanda kimoja. Inarithiwa, na watoto wenu wanaweza kuipata. Kwa hiyo nendeni wawili kwa daktari wa ngozi, mjue ni aina gani, na hilo la watoto mliulize sasa. Usiikwangue kwa wembe: loweka, sugua taratibu, paka krimu.

Abeid, najua utasoma hapa. Kununua krimu ni vizuri. Ulihitajika sebuleni kwa shangazi, na hukumtetea Rukiya.

Jumamosi hii rudini kwake. Abeid ndiye aseme: "Shangazi, nilikudanganya. Rukiya hakuungua, amezaliwa hivyo, na baba yake pia." Akishindwa, usimlilie wala usimtukane. Ahirisha harusi mpaka aweze, na glavu usizitaje kabisa mbele ya papa.

Siku ikifika, papa akae mlangoni apokee wageni. Atakayeukwepa mkono wake hajaja kwenye harusi yako.