Jina Chini ya Karatasi

Jumatano, 3 Machi 1954
Tangu asubuhi napanga herufi za karatasi za kanisa, hapa chapani. Herufi a zimeniishia tena. Bwana Kantilal alinunua sanduku la herufi za Kiingereza, na Kiswahili kinamaliza a na k kabla ya saa nne. Nimemwambia mpaka nimechoka. Anacheka tu, eti nitumie maneno mafupi.

Saa ya chakula alikuja Mwalimu Njoroge wa Kinoo. Amekonda. Huko kwao, tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, wanawake wanachimbishwa handaki kila siku, wengine na vichanga mgongoni. Hata watu wachache wakisimama kuongea, wanakamatwa. Ameandika barua ya wazi kumwomba Disii, mkuu wa wilaya, awaruhusu wakutane waseme shida zao. Hakuna tusi, hakuna damu. Anataka nakala mia mbili. Wapiga chapa wengine wote wa River Road wamemkataa. Nikasema nitaona. Kiherehere changu.

Jumamosi, 6 Machi
Tulifunga saa saba. Bwana Kantilal akaenda kwake, akaniachia ufunguo nisafishe mashine, kama kila Jumamosi. Sikumwambia neno. Nilijua Mhindi yule atatetemeka, atanifukuza.

Nikapanga barua, nikapiga nakala mia mbili. Mwalimu akaziondoa ndani ya gunia, chini ya viazi. Nilirudi Kilimani nikipiga mluzi. Mke wangu Rasoa akauliza nimeokota nini.

Jumanne, 9 Machi
Nimekwisha.

Karatasi ya Mwalimu imebandikwa kwenye nguzo, karibu na soko. Chini kabisa: Imepigwa chapa na Kantilal, River Road.

Sheria inataka kila kazi iwe na jina la mpiga chapa. Kwa hiyo mstari ule wa herufi hukaa mezani tayari, umefungwa uzi. Miaka sita nimemalizia kila kazi kwa mstari ule. Mkono uliuweka wenyewe, hata sikuuona. Mjinga mkubwa mimi.

Nilibandua ile moja. Zingine ziko wapi, Mungu anajua. Na sikumwambia Bwana Kantilal hata leo.

Alhamisi, 11 Machi
Polisi wamekuja. Afisa aliweka karatasi mezani, akauliza nani kaipanga. Mimi nimesimama pale pale, kitambaa cha mafuta ya taa mkononi. Bwana Kantilal akaisoma pole pole, yote. Akanitazama mara moja.

“Duka yangu, jina yangu,” akasema. “Mimi nafanya.”

Afisa akanigeukia, akauliza kama najua kusoma. Nikasema hapana, Bwana. Mimi, niliyepanga kitabu kizima cha sala! Akaamini papo hapo. Wakamchukua mzee bila kofia yake.

Rasoa ni yaya wa Wazungu, na chumba tunacholala na watoto wawili ni cha kazi yake. Anasema nikijitaja tutatupwa nje siku hiyo hiyo. Ni kweli. Lakini pale dukani sikuwakumbuka watoto. Niliogopa tu. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 14 Machi
Sikwenda kanisani. Nilimwambia Rasoa tumbo linauma.

Jumatatu, 22 Machi
Bwana Kantilal amefungwa miezi kumi na minane. Mwalimu naye amekamatwa, hakuna anayejua walikompeleka.

Leo nimemweleza mkewe, Mama Kantilal, yote. Nimelia mbele yake, sitaficha. Nikamwomba twende wote polisi nikaseme. Kumbe mzee alikwisha kumwambia siku ile ile ya kwanza, Mama alipompelekea kofia polisi. Akasema nikienda sasa watanifunga mimi, na mzee watamwongezea kifungo kwa kudanganya. Tena nani atapanga kazi? Akarudi kukata karatasi. Nikasikia nafuu mwili mzima. Aibu imenijia baadaye, nikiwa njiani.

Jumapili, 4 Aprili
Jela, pamoja na Mama Kantilal. Dakika tano, askari kando yetu. Bwana Kantilal amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba. Akauliza habari za mashine. Akaulizia wanangu, mmoja mmoja kwa jina.

Askari alipogeuka kufungua mlango, akanisogelea.

“Zakaria, ile karatasi mimi soma yote. Iko kweli. Kwa nini wewe hapana ambia mimi?”

Muda ukaisha, akarudishwa ndani.

Tulirudi mjini kwa miguu mimi na Mama. Mvua ilianza tukiwa njiani, na hatukusimama kujikinga.