Vinyweleo vya Utumbo wa Mwanetu

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko chuoni? Huku Mpui tumeshavuna, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeuliza kama nimewahi kuona utumbo kwa hadubini. Nimewahi, mara moja. Mtoto wetu wa kwanza alikonda hadi akafariki, nami nikamlaumu bibi yako kwamba hakumlisha; naye akaacha kulitaja jina la mtoto. Daktari mmoja mjini Sumbawanga aliniita nichungulie kipande cha utumbo wa marehemu.

“Vinyweleo hivi vya ukuta wa utumbo ndivyo vinavyopokea chakula,” alisema. “Vya mwanao vimelika, chakula kilipita tu. Mkeo alimlisha, ndugu yangu.”

Nilirudi nyumbani nikamwomba bibi yako radhi. Alilia, kisha akasema, “Nipeleke na mimi nikaone.”

Kesho yake nilimpeleka, akachungulia muda mrefu. Kuanzia siku hiyo akaweza kulitaja tena jina la mtoto.

Babu yako