Vitu Viwili, Namba Moja

Alhamisi, 17 Julai

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji tangu jana. Mashine ya oksijeni haiwaki. Vumbi la milimani limeingia kwenye kiboksi chake cha umeme kinachoiwasha, kimeungua. Kipya kinatoka Dar — wiki tatu! Nikang'oa kingine kwenye gari lililopinduka mwaka juzi, kilichokuwa cha king'ora. Viboksi ni vya aina moja, vinatofautiana kwa namba tu. Dereva akibonyeza kitufe, kibao cha mbele kinaita namba, na kifaa chenye namba hiyo kinaitika. King'ora tatu, taa nne, redio tano, oksijeni sita. Namba unaipanga kwa swichi za nyuma, ndogo kama punje za mchele.

Mzee Chande alikuwa ameshakaa kwenye usukani, kuna mgonjwa Mhezi. Nikawasha vitufe vyote kwa mpigo. Vyote vikaitika. Nikamwambia aende.

Baridi. Nimelala mchana saa nzima.

Ijumaa, 18 Julai

Hospitali nzima inaongea. Jana wakishuka na Mzee Aminieli, mgonjwa wa mapafu, oksijeni ilizimika kabla ya kufika Mwembe. Nesi Hedwiga alikuwa nyuma na mgonjwa. Anasema alipokuwa bado anahangaika kufunga mtungi wa akiba, mashine ikarudi yenyewe. Dakika nne hivi. Anasema pia alimwona Chande akinyoosha mkono kwenye vitufe, na mashine ikanyamaza hapo hapo.

Mzee yuko wodini. Hajafumbua macho.

Bosi wa usafirishaji, Fredrick, ameshatoa hukumu kabla ya kikao cha uchunguzi cha Alhamisi ijayo: macho ya uzee.

Jumamosi, 19 Julai

Chande kaja gereji. Shikamoo — marahaba. Akasimulia. Kwenye kona palikuwa na msiba, turubai limesogea mpaka barabarani, watu wamekaa. Akazima king'ora. Msibani hupiti na kelele, hata uwe umebeba mgonjwa, anasema, ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Alikwenda polepole mpaka akamaliza watu wote, ndipo akawasha tena.

"Basi kidole kiliteleza, mwanangu. Nilizima king'ora na oksijeni pamoja. Mimi mwenyewe sikuona."

Anastaafu Desemba. Wakimkuta na kosa, anaondolewa kabla.

Nikamwambia pole. Nikaenda kuchemsha chai. Maji yalipochemka nikawa bado nahesabu: msiba ule, mwendo ule wa polepole, ni dakika ngapi? Sikupenda jibu. Kesho Jumapili, gereji imefungwa. Vizuri.

Jumatatu, 21 Julai

Nilifika kabla ya wenzangu. Nikabonyeza king'ora peke yake. Kikalia. Nyuma, mashine ya oksijeni ikaanza kunguruma. Nikazima king'ora. Mashine ikanyamaza nayo.

Kiboksi cha oksijeni bado kina namba tatu, ya king'ora. Sikubadili namba. Kazi ya sekunde mbili! Alhamisi nilipowasha vyote kwa mpigo, kitufe cha king'ora kiliita tatu, king'ora na oksijeni vikaitika pamoja, mimi nikaona kila kitu kinafanya kazi. Njia nzima kutoka Mhezi mzee yule alipumua kwa sababu king'ora kinalia. Chande alipowaheshimu wafiwa, akamkatia pumzi. Yeye hakukosea kitufe chochote.

Saa mbili gari likatakiwa Ndungu, mama mjamzito. Nikapanga sita. Nikajaribu kimoja kimoja. Likaondoka na dereva mwingine.

Sasa hakuna ushahidi. Kwanza niliona nafuu, halafu aibu. Nafuu ilikuja kwanza.

Jumanne, 22 Julai

Mzee Aminieli kafumbua macho. Mkewe, Justa, anamwita, hamtambui. Daktari anasema wasubiri.

Chande alikuwa kapanda Mhezi jana na sukari kilo mbili, kuomba radhi. Justa alikuwa kaenda nyumbani kuangalia ng'ombe. Akampokea, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia binadamu hukosea. Amemrudisha na mkungu wa ndizi. Leo kanigawia chane moja, kwa vile nilimpa pole.

Nilizipika. Sikuweza kula. Nikampelekea jirani.

Jumatano, 23 Julai

Fredrick kapita na fomu. Anataka sahihi yangu kwamba vifaa vyote vilikuwa sawa gari lilipotoka gereji. Nikamwambia nina grisi mikononi. Akaiacha mezani. Mikono ilikuwa safi.

Alhamisi, 24 Julai

Saa nne kasoro. Benchi nje ya chumba cha kikao. Fomu ya Fredrick ninayo mfukoni, sijaitia sahihi.

Chande kaketi kushoto kwangu, kanzu imepigwa pasi. Ameniomba nimwandikie maelezo, mwandiko wangu unasomeka. Nilipaswa kukataa. Nimechukua karatasi. Anataja, mimi naandika. Kwamba yeye ni dereva miaka ishirini na sita. Kwamba hakuwahi kugonga mtu. Kwamba siku ile macho yake yalimdanganya. Kwamba asilaumiwe nesi wala fundi.

"Wala fundi" kayasema bila kuniangalia, kwa adabu tu, kama mtu anayetaja wote waliokuwepo. Nimeyaandika. Herufi zimetoka nzuri kabisa.

Nikamwuliza: kama si macho je? Akacheka kidogo. Akasema mwanangu, hilo gari tulikuwa watatu, na kibao kiko mbele yangu mimi.

Hedwiga kapita, katusalimia, kaingia ndani. Nimegeukia daftari hili nipate pa kutazama.

Mlango umefunguka. Wanamwita fundi aanze. Chande ananyoosha mkono nimpe karatasi yake atie sahihi.

Sijampa.