Kaka Uthman, Kamera na Mafuta ya Nazi

Raiya shoga yangu, mbavu zaniuma!

Kaka yangu Uthman kaitia mafuta ya nazi ile kamera ya sinema ya marehemu baba, ya kutia ufunguo kama saa. Kisha kailaza kwenye friji, ati mkanda usiharibike na joto. Mkanda wenyewe mmoja tu!

Leo bibi harusi Safaa katokeza mlangoni, Uthman kabonyeza kitufe, kitufe kikanasa. Kimya. Mafuta yameganda na baridi!

"Ngoja mjukuu wangu, usipande gari!" Kaitia kamera kwapani, ndani ya kanzu, ipate joto.

Kwapani, Raiya! Mbele ya wakwe!

Mara krrrr, ikaamka yenyewe. Kaka akaruka, "Yanitekenya!" Kuitoa, mkanda umekwisha wote.

Safaa kauliza, "Babu, harusi yangu i wapi?"

Kaka kainua mkono, kalitazama kwapa.