Karatasi ya Baba Niliyoificha

Jumamosi, Jeddah. Mbingu imefifia tangu asubuhi, na unyevu umetanda mpaka shati linanigandia mgongoni. Sina raha. Nimekaa jikoni kwenye fleti tuliyopanga hapa Sharafiya, nasubiri maji ya chai yachemke. Kwenye mkoba wangu kuna karatasi ambayo sijui niifanyeje.

Baba ndivyo ninavyomwita kafili wangu, tajiri anayenidhamini kufanya kazi huku Saudia, mwalimu mstaafu wa Malaz, Riyadh. Huu ni mwaka wa nane namwendeshea gari. Mke wake alishafariki, watoto wameoa na kuolewa, na starehe iliyombakia ni moja tu: kulenga shabaha kwa bastola ndogo, mita mia moja. Watu kilabuni walikuwa wakimcheka, eti bastola ile ni ya kupigia makopo. Yeye anapenda hivyo hivyo, kwa sababu ni ngumu.

Tundu la risasi yake ni dogo kuliko unene wa penseli. Kwa umbali ule macho matupu hayalioni. Ndiyo maana mimi hukaa pembeni yake na darubini, na kila akipiga namwambia imetua wapi: ndani, nje, juu kidogo. Akishasikia, anageuza skrubu ya kulengea au anaiacha kama ilivyo. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wangu. Alinifundisha mwenyewe, na nilikuwa najivunia.

Mwaka huu aliugua, akalazwa wiki tatu. Siku ya kwanza kurudi uwanjani alikuwa amekonda, kanzu inampwaya. Akapiga. Kwenye darubini nikaona tundu limeshuka chini, nje kabisa ya duara jeusi. Nikamtazama usoni, anasubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Nikasema, "Ndani, baba."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Tangu hapo ikawa ndani, ndani, ndani. Zamani alikuwa anatembea mwenyewe kwenda kutazama karatasi yake ya shabaha, lakini sasa miguu haimruhusu, hivyo naitoa mimi na kuitupa bila kuitazama. Hajawahi kuniomba niilete. Ananiamini.

Na niseme yote, maana hapa sina wa kumdanganya. Nilikuwa nikiona tundu la kwanza limeshuka, siangalii tena yanayofuata. Jicho liko kwenye darubini lakini nimelifumba. Niliona huruma, ndiyo. Lakini pia ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mkononi mwake, na mzee mwenye furaha ni kafili mzuri.

Leo yalikuwa mashindano, ndiyo yaliyotuleta Jeddah. Karatasi za mashindano hazitolewi na mimi.

Baba amekuwa wa mwisho.

Hakugomba. Aliifuta bastola taratibu, akaifungia kwenye kisanduku chake. "Mazoezini mkono unatulia," akaniambia, "mbele za watu unaniangusha. Uzee huo. Halas, Rashidi. Tukifika Riyadh naiacha kilabuni, sipigi tena." Kisha akatangulia garini. Afadhali angenifokea.

Nikiwa nakunja miguu ya darubini, akanijia mwamuzi, Msudani mmoja mrefu, na karatasi mkononi.

"Wewe ndiye macho yake?"

Nikaitikia.

"Mkono wa mzee huyu hauna ugonjwa wowote. Hebu tazama."

Matundu kumi, yote yamekaa pamoja. Ukiweka kikombe cha chai juu yake unayafunika yote. Yamekaa chini ya duara tu, basi. Akaniuliza kama tulibadilisha risasi. Wiki ile baba alipotoka hospitali, zile alizozizoea zilikuwa zimekwisha dukani, nikamchukulia za aina nyingine. Kumbe hizi zinakwenda polepole zaidi, zinashuka kabla ya kufika.

Siku ile ningesema "nje, chini", angegeuza skrubu kidogo na mambo yangekwisha. Mimi niliona mgonjwa, nikamalizia kumzeesha kwa mdomo wangu.

Nimeikunja karatasi, nikaitia mkobani. Kesho alfajiri tunarudi Riyadh. Nikinyamaza, ataiacha bastola na hatajua kamwe kwamba mkono wake ni mzima. Nikisema, atajua kwamba kwa miezi yote hii nilikuwa nakaa ubavuni pake namdanganya. Anaweza kunirudisha Tanga kwa hilo, na sitakuwa na la kujitetea.

Maji yamechemka. Ananiita kutoka sebuleni, anauliza chai iko wapi.

Nimeikunjua karatasi na kuitandika kwenye sinia. Kikombe nimekiweka juu ya matundu, hata moja halionekani. Atakinyanyua mwenyewe. Mimi nitasimama pale pale pembeni yake, na safari hii nitaangalia.